Mtagaji Bora Kizimbani

Ukiwa na kuku mia bandani na unataka kizazi kijacho kitage zaidi, akili ya kwanza ni rahisi: mtafute anayetaga kuliko wenzake, mpe jogoo mzuri, totolesha mayai yake, wengine wapeleke sokoni. Watu wamefanya hivyo miaka na miaka, na wamefanikiwa kweli. Yule kuku mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, babu wa hawa wetu, hutaga mayai machache kwa msimu kisha anakaa kuyalalia. Kuku wa mayai wa leo anapita mayai 300 kwa mwaka. Hakuna muujiza hapo, ni kuchagua tu.

Lakini kipo kisa kinachoonyesha kuchagua kunavyoweza kumgeukia mwenyewe. Kilitokea katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana, Marekani, chini ya mtaalamu wa urithi wa mifugo aitwaye William Muir.

Kampuni za mbegu za kuku zilikuwa na desturi ya kupima tetea mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya kizimba chake, ili yai likionekana ijulikane ni la nani. Anayetaga sana anafanywa mama wa kizazi kinachofuata. Binti zake, hata hivyo, hawaishi kwa nafasi ile. Wanauzwa kwa wafugaji wanaowaweka wengi katika kizimba kimoja, na huko ndiko damu inakomwagika. Kudonoana huanza kidogo kidogo: nyoya la mgongoni, kisha mkia, kisha sehemu ya haja, ambayo kuku akitoka kutaga hubaki wazi na nyekundu kwa muda mfupi. Mmoja akidonoa akaonja damu, wote wanamshukia yule mnyonge. Aliyewahi kufuga kuku wa mayai anaijua asubuhi hiyo: unafungua banda, unamkuta mmoja amelala ametobolewa, matumbo nje, na wenzake wako kwenye chakula kana kwamba hapajatokea kitu. Dawa iliyozoeleka ni kuwakata midomo kwa wembe wa moto wakiwa bado vifaranga.

Muir aliacha midomo kama ilivyoumbwa, akabadilisha namna ya kuchagua. Hakuuliza nani ametaga kuliko nani. Aliwaweka matetea wa baba mmoja pamoja kizimbani, akahesabu kizimba chote: yametoka mayai mangapi, na wangapi bado wanapumua. Familia iliyofanya vizuri ilichaguliwa yote, iliyofanya vibaya ikaachwa yote, hata kama ndani yake alikuwamo bingwa wa kutaga.

Kisa hiki kimesimuliwa sana katika mikutano ya mameneja, kuku wakigeuzwa wafanyakazi na kizimba kikawa ofisi. Sisi tubaki na namba zilizochapishwa mwaka 1996, hazihitaji kuongezwa chumvi. Katika kizazi cha pili cha uchaguzi ule, kuku waliokufa ndani ya mwaka walikuwa asilimia 68. Katika kizazi cha tatu walikuwa asilimia 8.8. Mayai, yakigawanywa kwa idadi ya kuku walioingizwa vizimbani siku ya kwanza, yalipanda kutoka 91 hadi 237 kwa kila kuku.

Hiyo ya 91 na 237 inataka utulivu kidogo. Kasi ya kutaga ya wale waliokuwa hai iliongezeka nayo, kutoka mayai 52 kwa kila siku mia za kuku hadi 68. Hilo ni ongezeko zuri, ila peke yake haliwezi kuzidisha mayai zaidi ya maradufu. Kilichobaki kimetokana na jambo moja ambalo halimo katika daftari la mtagaji mmoja mmoja: kuku walikuwa hai. Aliyekufa mwezi wa nne hana yai la mwezi wa tano. Palikuwa pia na kundi la kulinganishia, kuku wa kawaida wasiochaguliwa, kila mmoja akikaa peke yake mahali asipoweza kumdonoa mwenzake wala kudonolewa. Hao vifo vyao vilikuwa asilimia 9.1. Kwa maneno mengine, kuku wa Muir, wakiwa wamebanana na wana midomo mizima, walifikia vifo vya kuku wanaoishi upweke.



Basi yule mtagaji bora alikuwa nani? Ndani ya kizimba chenye kuku wengi, tetea anaweza kuongoza kwa mayai kwa sababu mwili wake una uwezo huo. Anaweza pia kuongoza kwa sababu amewasukuma wenzake kwenye chakula, amewanyima usingizi, amewafanya waishi wamejibanza kwenye kona. Mayai yanaandikwa kwake, hasara inaandikwa kwa majirani. Kwenye daftari wote wawili, mwenye uwezo na mwonevu, wanasomeka sawa. Mtaalamu wa hesabu za urithi, Bruce Griffing, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1967 kwamba ukichagua mmoja mmoja pale wanyama wanapoathiriana, unaweza kupanda mlima kwa kurudi nyuma. Karatasi yake ilikaa miaka mingi kabla ya mtu kuipeleka kwenye banda la kuku.

Sasa tukiingize kisa hicho maabara, maana siku hizi biashara imehamia huko.

Hamu ya kutafuta alama za vinasaba zinazohusiana na utagaji haikuanzia kwenye upuuzi. Jogoo hatagi. Anabeba nusu ya urithi wa mayai ya binti zake na wewe huwezi kumpima hata yai moja. Sharti usubiri binti zake wakue, wafikishe kama wiki ya 20 waanze kutaga, na ukitaka kujua nani anadumu unangoja tena hadi wavuke wiki ya 70. Kwa muda huo jogoo mwenyewe amezeeka. Alama ya vinasaba inasomeka kwenye tone la damu la kifaranga wa siku moja, awe jike au dume. Mwaka 2004 ramani ya vinasaba vya kuku ilipochapishwa, herufi zipatazo bilioni moja, ilionekana kama mlango umefunguka: tafuta mahali ambapo wanaotaga sana wanatofautiana na wanaotaga kidogo, weka alama, chagua vifaranga, maliza.

Tatizo ni kwamba alama haijui zaidi ya daftari lililotumika kuitafuta. Daftari likiwa la kuku waliopimwa wakiwa peke yao, alama utakazopata ni za kutaga ukiwa peke yako. Likiwa la vizimba vyenye wengi lakini likamhesabu kila kuku kivyake, baadhi ya alama utakazopata zitakuwa za ubabe, na utaziita za mayai. Maabara haitakurekebisha. Itakufanya ukosee haraka zaidi, kwa vifaranga elfu badala ya kumi.

Chukua jeni ya prolaktini, ambayo imekuwa kipenzi cha watafiti. Prolaktini ni homoni inayotoka chini ya ubongo; ikipanda, tetea anaacha kutaga na kukaa kwenye mayai, anavimba manyoya, ukimpelekea mkono anakudonoa. Kuku asiyelalia haachi kutaga, kwa hiyo wazo lina mantiki. Kwenye sehemu inayotangulia jeni hiyo kuna mahali ambapo kuku wengine wana herufi 24 za ziada na wengine hawana. White Leghorn, ambaye ni mashine ya mayai meupe na kulalia amekusahau, anazo kwa wingi. Mbegu zinazopenda kulalia, kama Silkie wa China mwenye manyoya kama pamba, wanazo kwa uchache. Ripoti zikatoka, herufi 24 zikahusishwa na mayai.

Lakini Leghorn na Silkie hawatofautiani hapo tu. Silkie ana ngozi nyeusi na vidole vitano mguuni badala ya vinne. Kwa njia hiyohiyo ya kulinganisha, mtu angeweza kutangaza kwamba kidole cha tano kinapunguza mayai. Kila kinachowatenganisha wale wawili kitaonekana kuwa na mkono kwenye utagaji, kwa kuwa ukoo mmoja ulichaguliwa kwa mayai na mwingine haukuchaguliwa. Swali la kweli ni kama, ndani ya kundi moja la ndugu wanaokula chakula kimoja, mwenye herufi zile anamzidi asiye nazo. Alama hiyo ilipopelekwa kwenye kuku wa kienyeji wa nchi mbalimbali, majibu yalikuja mchanganyiko: hapa inasaidia, pale haionekani. Haimaanishi prolaktini haihusiki. Idadi ya mayai inashikwa na jeni nyingi mno, kila moja ikivuta kidogo, na juu yake kuna chakula, mwanga, maradhi na umri.

Kuna daftari lingine lililopotosha hata wasomi makini. Mwaka 2010 timu iliyoongozwa kutoka Uppsala, Sweden, ilionyesha kwamba karibu kuku wote wa kufugwa duniani wana aina moja ya jeni iitwayo TSHR, inayohusika na mambo ya majira ya kuzaa, ambayo kuku wa mwituni hawana kwa wingi huo. Ilionekana kama tumempata mlinzi wa mlango: hii ndiyo jeni iliyomtoa kuku porini. Mwaka 2014 watafiti wengine wakachimba vinasaba kwenye mifupa ya kuku wa kale wa Ulaya, mingine ya zaidi ya miaka 2,000, na kukuta kuku waliokwisha kufugwa zamani hizo ambao wengi wao hawakuwa na nakala mbili za aina hiyo. Hesabu zilizotolewa 2017 ziliweka kuenea kwake kwenye kama miaka 1,000 iliyopita, wakati ambapo miji ya Ulaya ilikuwa inakua na sheria za kufunga za Kanisa zilizuia nyama ya wanyama wa miguu minne. Alama ilikuwa ya kweli. Hadithi iliyoshonewa ndiyo haikuwa yake, kwa kuwa daftari lilikuwa na kuku wa leo tu.

Nisije nikaonekana nimewachukia watu wa vinasaba. Yapo mambo ambayo alama imefanya kazi safi kabisa. Huko Ulaya baadhi ya kuku wa mayai ya kahawia, wakilishwa mashudu ya mbegu za rapa, walitaga mayai yanayonuka samaki. Harufu hiyo inatokana na trimethilamini, kemikali ileile ya samaki aliyeanza kulala. Ini la kuku wa kawaida huivunja. La hawa halikuweza. Mwaka 2005 watafiti wa Finland walionyesha kwamba chanzo ni herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya FMO3. Kampuni za mbegu zilipima mifugo yao, zikawaondoa wenye kasoro, na harufu ikaisha. Jeni moja, athari kubwa, na swali ambalo pua ya mtu yeyote inalijibu. Ukipata kazi ya namna hiyo, alama ni dhahabu. Mayai mangapi kwa mwaka ni kazi ya namna nyingine, na kampuni kubwa zimelielewa hilo: leo zinajumlisha makumi ya maelfu ya alama kwa mpigo, na kila kizazi zinarudi kuzipima upya kwenye kuku wao wenyewe, maana alama za jana kwa ukoo huu haziaminiki kesho kwa ukoo ule.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili limefika bila maabara, mgongoni mwa jogoo. Kenya ilianza mwaka 1976, kwa msaada wa Uholanzi, mpango wa kuendeleza kuku uliojumuisha kubadilishana majogoo: mwanakijiji anatoa jogoo wake wa kienyeji, anapewa wa mbegu. Tanzania nayo imepitia majogoo wa kigeni wa kila rangi, na katika muongo uliopita, pamoja na Ethiopia na Nigeria, ikawajaribu kuku wa mbegu aina ya Kuroiler na Sasso kwa wafugaji wadogo katika mradi wa kuinua mbegu za kuku barani. Wengi wamefaidika, sitakataa. Kuroiler anakua haraka, anauzika, na mayai yake yanazidi ya kienyeji mara kadhaa.

Lakini tumtazame mama mmoja wa kubuni, tumweke Singida kwa kuwa watu wa huko na kuku wa kienyeji hawatenganishwi. Ana matetea wanne. Kila mmoja hutaga mayai kumi na mawili au kumi na matano, anayalalia siku 21, analea, halafu anaanza tena. Mizunguko mitatu kwa mwaka ikienda vizuri. Ukimpima kwa mayai, tetea huyo ni aibu: arobaini hivi kwa mwaka. Anakuja bwana mifugo na jogoo wa mbegu, mkubwa, ana kilemba chekundu, na mwaka unaofuata mabinti chotara wanataga hadi trei zinahesabika. Mama anauza mayai kwa mwenye duka, anafurahi. Mwaka wa pili anamsimamisha bwana mifugo njiani.

"Shikamoo baba. Mbona hawa kuku wako hawalali?"

"Marahaba mama. Hao si wa kulala, hao wa mayai."

"Sasa vifaranga nitazaa mimi?"

Bwana mifugo ana jibu, ila linahitaji fedha: vifaranga wa kununua, wanaokuja kwa basi ndani ya boksi la matundu, au mashine ya kutotolesha, ambayo inataka umeme usiokatika au taa ya mafuta na mtu wa kuamka usiku. Tetea wa zamani alikuwa mashine hiyo, na alijilisha mwenyewe kwa mchwa na punje zilizomwagika. Alikuwa pia mlinzi. Mwewe akipita juu, sauti yake moja na vifaranga wote wako chini ya mbawa au uvunguni mwa ghala. Hakuna aliyeandika kazi hizo kwenye daftari, kwa hiyo zilipoondoka hakuna aliyeona zikiondoka.

Kuna na mengine yanayofuata mayai. Ganda la yai moja lina kama gramu mbili za kalsiamu. Kuku wa kizimbani anaipata kwenye chakula chenye chokaa au magamba ya chaza yaliyosagwa. Anayejitafutia uani, akisukumwa na urithi wake kutaga kila siku, anaikopa kwenye mifupa yake mpaka miguu inamlegea. Halafu mwanga. Mbegu nyingi za mayai zilipimwa chini ya taa zinazowaka saa 15 au 16 kwa siku. Singida iko karibu na ikweta, jua linakupa saa 12 hivi mwaka mzima. Yale mayai 300 ya kwenye karatasi yalikuwa ya kuku pamoja na taa yake, pamoja na gramu 110 au 120 za chakula cha mfuko kila siku, pamoja na chanjo. Umenunua kuku, vingine vimebaki kule.

Na chanjo isisahaulike, maana mdondo ukiingia kijijini hauulizi nani anataga. Tanzania ina aina zake za kienyeji, Kuchi, Horasi, Ching'wekwe, Singamagazi na wengineo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamekuwa wakitafuta, pamoja na wenzao wa Ghana na Marekani, vinasaba vinavyowafanya baadhi yao wauhimili ugonjwa huo kuliko wengine. Hiyo ni alama inayoanzia kwenye swali la mfugaji wa hapa: nani amebaki hai? Napenda utafiti unaoanza hivyo. Mtu wa Indiana naye alianzia hapohapo.

Mama wa Singida, akiwa mjanja kama wengi walivyo, hatamchinja tetea wake wa mwisho wa kienyeji. Atamlalisha kwa mayai ya chotara, kama vile vijijini watu wamekuwa wakimlalisha kuku kwa mayai ya kanga na bata bila mwenyewe kulalamika. Vifaranga watakaotoka hawatafanana na mama zao chotara, kwa kuwa urithi wa mchanganyiko ukizalishwa tena hutawanyika: wengine watataga sana, wengine kidogo, wengine watakuwa wakubwa wa mwili na wavivu wa kutafuta chakula, na baadhi ya matetea watarudi kulalia. Hao wanaolalia na bado wanataga vya kutosha ndio wa kufungwa uzi mguuni, na kwenye daftari, pembeni ya safu ya mayai, iongezwe safu ya vifaranga waliofika miezi miwili.